Barua ya wazi: Vituo vya utafiti viwapokee wanafunzi wa shule za kata

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Mheshimiwa Waziri wa Nchi, OR-TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa);
Mkurugenzi Mkuu, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia);
Wakurugenzi Wakuu wa taasisi za utafiti NIMR (magonjwa ya binadamu), TARI (kilimo) na TAFIRI (uvuvi).

KUH: OMBI LA WANAFUNZI WA SEKONDARI KUFANYA KAZI KATIKA VITUO VYA UTAFITI WAKATI WA LIKIZO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari ya kata, ukanda wa pwani ya Tanzania. Shule siitaji, kwa sababu nitamzungumzia mwanafunzi ambaye bado ni mtoto na ana haki ya kusitiriwa.

Naomba kila kituo cha utafiti kinachoendeshwa kwa fedha za umma kipokee, likizo ya Juni na likizo ya Desemba, wanafunzi wachache wa Kidato cha Pili na cha Tatu kutoka shule za kata zinazokizunguka. Wakae wiki mbili. Wafanye kazi halisi bega kwa bega na mafundi sanifu na watafiti, waandike walichokiona, warudi shuleni. Siombi ziara ya basi zima kupiga picha getini na kugawiwa vipeperushi. Ziara za namna hiyo tumezifanya, na watoto hurudi wakikumbuka soda.

Niwaeleze kilichonisukuma kuandika.

Binti mmoja wa Kidato cha Pili aliniletea muhogo kwenye kikapu. Alikuwa ameukata vipande vya mviringo ili nione ndani. Nyama yake nyeupe ilikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kiasi cha kisu kukwama. Akaniambia kwamba nyumbani kwao majani ya mihogo ni ya kijani na mashina yamesimama vizuri, ila wakivuna, mingine ndiyo hiyo, haifai hata kwa mbuzi. Mama yake alisema ni udongo umechoka. Majirani nao walisema ni udongo. Yeye hakuridhika, kwa sababu aliona kwamba sehemu walikopanda pingili, yaani vipande vya shina vya kupandia, alizokuja nazo bibi yake kutoka kijiji kingine, mihogo ilikuwa mizima.

Basi alipokuwa Darasa la Saba aliomba apewe tuta moja. Akapanda pingili za jirani na pingili za bibi kwa kupishana, hii kisha ile, mpaka tuta likaisha. Kila shina lililotoka kwa jirani akalifunga utepe wa khanga kuukuu. Wakati wa kuvuna akang'oa shina moja moja, akakata muhogo, akaangalia, akaandika kwenye daftari. Karibu nusu ya mashina yenye utepe yalikuwa na mabaka. Yasiyo na utepe, machache sana. Daftari alikuja nalo pia. Kurasa zilikuwa na madoa ya utomvu.

Waheshimiwa, nawaomba mlitazame tuta hilo kwa makini. Kuna swali. Kuna dhana inayoweza kukataliwa. Kuna kitu kimoja kinachobadilishwa, yaani mbegu, huku udongo, mvua na mkono wa mkulima vikibaki vilevile. Kuna alama za kutofautisha na kuna kumbukumbu zilizoandikwa. Mtoto wa miaka 13 alipanga jaribio ambalo wapo wanachuo wanaolihangaikia, na hakuna aliyemfundisha.

Nilimweleza nilichokijua. Ugonjwa ule unaitwa michirizi ya kahawia. Unasababishwa na virusi, unasambazwa na inzi weupe, na zaidi ya yote unasafiri ndani ya pingili: mkulima anampa mwenzake mbegu kwa moyo mweupe, na ugonjwa unahamia shamba lingine. Shina linaweza kuonekana zima kabisa huku mihogo inaoza chini. Nikamwambia pia kwamba ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapahapa nchini, mwaka 1936, katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, na mtafiti aliyeitwa Storey. Watafiti wa Amani nao waliukuta kwa wakulima wa tambarare za pwani. Pale Amani wakaanza kuchanganya muhogo na ndugu zake wa porini ili kupata mbegu zinazostahimili, na mbegu inayoitwa Namikonga, ambayo wakulima wa kusini wanaifahamu, inatokana na kazi hiyo. Alisikiliza, kisha akauliza: "Mwalimu, hao watu bado wapo? Naweza kwenda?"

Tuliandika barua pamoja kwenda ofisi moja ya utafiti ambayo siitaji hapa. Haikujibiwa. Nilipofuatilia mwenyewe, niliambiwa kwa heshima kwamba wanaopokelewa ni wanachuo wa mafunzo kwa vitendo wenye barua ya chuo, na wanafunzi wa sekondari hawamo kwenye utaratibu. Aliyenijibu sina kinyongo naye, alisema kweli. Utaratibu haupo, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi mnaoweza kuuweka.

Kidato cha Pili kilipoisha, binti aliacha Fizikia na Kemia. Hivi sasa yuko mkondo wa sanaa, anafanya vizuri, namwombea heri. Lakini sayansi haikumshinda. Aliiacha kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba lile alilokuwa akilifanya kwenye tuta la mama yake ni kazi, kwamba kuna watu wanaamka asubuhi, wanavaa gambuti, wanakwenda kuifanya na mwisho wa mwezi wanalipwa mshahara.

Mtaniuliza shuleni tunafanya nini. Serikali ilihimiza maabara tatu kwa kila shule ya kata kuanzia mwaka 2012, wananchi wakachanga saruji na mchanga, na majengo mengi yamesimama. Nashukuru kwa hilo, tena kwa dhati, maana nilianza kufundisha pasipo hata meza ya maabara. Ila kinachofanyika ndani ya maabara hizo ni kuthibitisha majibu yaliyokwisha kujulikana. Mwanafunzi anadondosha iodini kwenye kielelezo A akijua tayari kwamba lazima igeuke bluu-nyeusi. Isipogeuka, anaandika bluu-nyeusi, kwa kuwa ndiyo yenye alama. Mtihani unataka hivyo na sisi walimu tunapimwa kwa matokeo ya mtihani. Watoto wenye maswali yao wenyewe hujifunza haraka kuyaweka mfukoni.

Kila mwaka tunawasimulia wanafunzi habari za Erasto Mpemba, na tunavyoisimulia tunaacha sehemu yenye faida. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wakitengeneza aiskrimu, aliingiza maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia baridi. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye darasani kukawa na kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Hapo ndipo wengi wetu tunapomlaumu yule mwalimu kisha tunafunga kitabu.

Kilichofuata ndicho ninachowaomba mkiangalie. Mpemba alipokuwa Mkwawa, Iringa, mkuu wa shule alimwalika mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, aje azungumze na wanafunzi kuhusu fizikia na maendeleo ya taifa. Mpemba akasimama akauliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo sawa, mbona yale ya moto yanatangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne hakujua jibu. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli ya moto yametangulia, akaongeza kuwa ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Walirudia, na mwaka 1969 makala yao, Mpemba na Osborne, ikachapishwa katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, wapo wanaosema halipo kabisa, na mabishano hayo yenyewe ndiyo sayansi.

Mkuu wa shule alialika, mtafiti akaja, mwanafunzi akapewa nafasi ya kuuliza, na maabara ikatumika kupima swali la kijana wa sekondari. Mnyororo mzima ulikuwa na watu wanne tu, na uliwezekana nchi ikiwa na chuo kikuu kimoja. Sasa tuna vyuo vikuu vingi, tuna NIMR tangu 1979, TAFIRI tangu 1980, COSTECH tangu 1986, tuna vituo vya TARI kuanzia Naliendele, Mtwara, mpaka Maruku, Kagera. Hali hiyo inatupa wajibu mkubwa zaidi.

Wazazi wanamjua daktari, nesi, mhandisi na mwalimu. Ukiwatajia mtafiti wanauliza huyo hasa anafanya kazi gani, na mtoto wao hana jibu kwa kuwa hajawahi kumwona. Laiti angeingia siku moja. Angemkuta dada anayepanga mbegu 100 juu ya karatasi yenye unyevu na kurudi kila asubuhi kuhesabu ngapi zimeota. Angewakuta wanaochavusha maua ya mkorosho kwa mkono ili kupata mche usiosumbuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Kwenye mialo angewaona wanaopima samaki mmoja mmoja, urefu na uzito, kabla wachuuzi hawajabeba, kwa sababu takwimu hizo zinasaidia kuamua nyavu za matundu gani ziruhusiwe. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kuna vijana ambao kazi yao ni kuwafundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua yenye kifua kikuu. Nani asingependa kujua wanafanyaje?

Na wengi kati ya watu hao hawana shahada ya uzamivu. Wana stashahada. Wengine walianza na cheti. Hili watoto wetu hawaambiwi kamwe: wanadhani ukikosa kwenda chuo kikuu, sayansi imekufunga mlango. Hawajui kwamba kuna Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa Kigoma, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Dar es Salaam, Chuo cha Wanyamapori Mweka, na vyuo vinavyotoa mafundi sanifu wa maabara, ambao bila wao hakuna profesa atakayepata hata tarakimu moja ya kuandika. Kule Tendaguru, Lindi, Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, aliyeongoza wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Karibu miaka 100 ilipita kabla ya jina lake kupewa dinosaria mmojawapo, mwaka 2007. Utafiti katika nchi hii umebebwa na mikono ya namna hiyo tangu mwanzo, na kijana anayetaka kuwa mikono hiyo anastahili kuambiwa kwamba ni heshima.

Najua hoja itakayotangulia mezani ni usalama, na ni hoja ya kweli. Mtoto hapaswi kukaribia maabara ya vimelea hai vya kifua kikuu, wala kemikali kali, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inatuwajibisha sote. Lakini kazi zisizo na hatari ni nyingi kuliko zenye hatari. Chukueni mbu. Vituo vinavyofuga mbu wasio na vimelea vina mabeseni ya viluwiluwi vinavyotakiwa kulishwa, kuhesabiwa na kuhamishwa kila siku. Kiluwiluwi cha Anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa sababu hakina mrija wa kupumulia. Cha Kuleksi, mbu wa aina nyingine, huning'inia kichwa chini. Mwanafunzi akioneshwa mara moja hasahau, na kesho yake ataangalia ndoo ya jirani kwa macho mengine.

Tena jambo hilo si mchezo wa likizo. Kuna mbu aitwaye Anopheles stephensi, asili yake Asia, anayeeneza malaria na kuzaliana vizuri kwenye matangi na mapipa ya maji mjini. Aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mapema mwaka 2023 Kenya ikatangaza kwamba amepatikana Marsabit. Nchi inayomngoja mbu wa namna hiyo inahitaji macho kwenye kila simtanki, na watafiti wetu hawatoshi kupanda kila ngazi. Wanafunzi wa shule ya kata wanaojua kutofautisha viluwiluwi, kuvichota na kuviandika tarehe na mahali, wakavipeleka kituoni kwa uchunguzi wa kitaalamu, ni nguvu kazi ambayo hakuna bajeti itakayoinunua kwa bei hiyo.

Halafu jambo lenyewe limekwisha kufanyika jirani. Kilifi, pwani ya Kenya, kituo cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na mfuko wa Wellcome Trust, ambacho kipo tangu 1989, kina mpango wa shule: kinawachukua vijana wa kaunti hiyo waliomaliza Kidato cha Nne na kuwaweka miezi mitatu ndani ya idara zake kabla hawajaingia chuo. Mazingira yao ni yetu: bahari ileile, mnazi uleule, malaria ileile. Ningependa sisi tuanze mapema zaidi, Kidato cha Pili, kwa kuwa kwetu uamuzi wa kuacha masomo ya sayansi hufanyika hapo, na kijana akishaacha Kemia ni shida kumrudisha.

Kuhusu fedha sitajifanya mtaalamu wa bajeti. Viongozi wa Afrika walihimizana Addis Ababa mwaka 2007 kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo, na kila mtu anajua tuko mbali na lengo hilo. Ninachoomba hakihitaji kusubiri asilimia hiyo. Ni nauli, chakula cha mchana, koti la maabara la kuazimwa, na bima. Kituo kikianza na wanafunzi wanne, nusu wasichana, gharama yake haizidi ya semina ya siku moja hotelini. COSTECH inaweza kuweka sharti dogo katika ruzuku inazotoa: mradi unaopata fedha za umma uoneshe umewapokea wanafunzi wangapi wa sekondari.

Jambo moja ni muhimu kuliko fedha, nalo ni muda wa mtafiti. Mtafiti anayekaa na watoto wiki mbili anaacha andiko lake, na kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kazi hiyo haionekani popote. Iwekwe. Ihesabiwe kama jukumu halali la mtumishi, apandishwe daraja kwa ajili yake kama anavyopandishwa kwa machapisho. Bila hivyo mpango utabebwa na wachache wenye moyo, mpaka wachoke.

Yapo mashindano, nami nayaunga mkono. Young Scientists Tanzania wameendelea tangu 2011, MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ilianza 2019, na nimeona wanafunzi waliokuwa wakijificha nyuma ya darasa wakisimama mbele ya kibanda chao na kueleza mradi wao kwa ujasiri. Pia kuna ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu vizuri sayansi Kidato cha Sita. Lakini ufadhili unamfikia aliyekwisha kufaulu, na mashindano yanamfikia yule ambaye mwalimu wake anajua fomu zinapatikana wapi. Baada ya maonyesho mtoto anarudi nyumbani na cheti. Hakuna kituo kinachompigia simu mwalimu wake kusema, mlete huyo Desemba, tuna kazi inayofanana na yake. Ningefurahi sana simu hiyo ikiwa jukumu la ofisi fulani yenye jina na namba.

Sitaki pia tuwadanganye vijana. Utafiti hapa nchini una ajira nyingi za mkataba zinazokwisha mfadhili akiondoka. Nawafahamu mafundi wazuri waliofundishwa miaka, mradi ukafungwa, wakaenda kuuza vifaa vya simu. Mkifungua milango kwa watoto, fungueni na vibali vya ajira za kudumu kwa mafundi sanifu, la sivyo tutawaonesha kazi nzuri kisha tuwaambie haipo. Kijana wa miaka 15 huligundua hilo upesi, hasa akiwa amekaa wiki mbili karibu na fundi ambaye hajui kama Januari atakuwa kazini.

Mtaala mpya ulioanza 2024 unasisitiza umahiri, na tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita, zimeongezwa hadi 65. Nafasi ipo. Waraka mmoja wa elimu unaosainiwa na wizara zote mbili, unaotaja vituo vitakavyoanza, idadi ya wanafunzi, kazi wanazoruhusiwa na zisizoruhusiwa, na afisa mmoja wa kupokea barua zao katika kila kituo, unatosha kuanza. Ukitoka kabla ya Machi, sisi walimu tutakuwa na muda wa kupata idhini ya wazazi na Juni watoto watakuwa getini. Barua za kwanza tunazo tayari, zimeandikwa kwa mkono, na moja inauliza kwa nini kuku wa kienyeji wa upande mmoja wa kijiji hufa kwa kideri kila mwaka na wa upande mwingine hawafi.

Naomba majibu yapitie kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mkuu wa Shule, kama utaratibu unavyotaka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Shule ya sekondari ya kata, ukanda wa pwani.